Namna ya kutafuta historia ya kijiji kilichobaki mahame: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Tanzania hii ukiacha lami ukaingia ndani kidogo, iwe Rufiji, Kilwa, Liwale, Manyoni, Tabora, popote pale, lazima utakutana na mahame. Miembe mikubwa imejipanga porini na hakuna nyumba hata moja, makaburi yamemezwa na vichaka, kisima wanakijua warina asali na wachungaji tu. Watu walikaa pale vizazi na vizazi, wakaoana pale wakazikana pale, afu leo ukimuuliza kijana wa kijiji cha jirani anakwambia "aah pale pori tu". Hii kitu inaniuma kwelikweli, ndo maana naandika huu mwongozo mrefu kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye simu, daftari na hamu ya kujua bibi yake alitoka wapi. Sio lazima uwe na digrii ya historia.

Jambo moja ulishike toka mwanzo maana litakuongoza kote: kijiji kilikufa lakini watu wake walikwenda mahali. Sehemu kubwa ya historia ya mahame iko kule watu walikohamia, vichwani mwao na kwenye masanduku yao ya bati. Kwa hiyo anza na watu, fuatia makaratasi, porini nenda mwisho. Ukianza na porini utapiga picha za miti na kurudi nyumbani bila jina hata moja.

Hatua ya 1: jua kwanza kijiji kilikufaje

Hii inaonekana ndogo ila ndo inayokuambia ukatafute wapi. Kijiji kilichokufa baada ya Maji Maji, 1905 mpaka 1907 na ile njaa iliyofuata kusini, habari zake za maandishi utazikuta za Kijerumani na za wamisheni. Kilichohamishwa na Waingereza kwa sababu ya malale, mfano watu wa Liwale waliotolewa miaka ya 1940 na ardhi yao ikaingizwa kwenye pori la akiba la Selous, hayo ni mafaili ya mkuu wa wilaya, ya afya na ya wanyamapori. Waliotolewa kupisha hifadhi, kama Wamasai wa Serengeti mwaka 1959 au wafugaji wa Mkomazi 1988, kuna makaratasi ya hifadhi na mengine ya mahakamani.

Lakini mahame mengi tunayoyaona leo ni ya wakati wa vijiji vya ujamaa, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya. Rufiji walianza mapema, baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawatoa watu bondeni kuwapandisha juu, hiyo ndo Operesheni Rufiji. Dodoma ikafuata 1971, Kigoma 1972, na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na mpaka mwisho wa 1976 nchi nzima iwe imehamia. Mamilioni ya watu wakasogezwa ndani ya miaka michache. Wazee wengine wanasema "operesheni", wengine "ujamaa", wengine "sogeza", wengine wanakwambia tu "tuliposombwa". Mimi hapa nitalenga zaidi mahame ya kipindi hicho maana mashahidi wake bado tunao.

Hatua ya 2: kusanya majina yote ya mahali hapo

Kabla hujaenda popote fungua ukurasa wa majina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na majina matatu manne. Sehemu nyingi mtaa uliitwa kwa jina la mkubwa wake, Kwa fulani, na huyo fulani akifa akirithiwa jina linabadilika, kwa hiyo kwenye ramani ya zamani unaona jina moja, kwenye kitabu cha kanisa lingine, mdomoni mwa bibi lingine, kumbe palepale. Kuna jina la mto, jina la mlima, jina la ukoo, na jina la kiutani walilopewa na majirani.

Halafu kuna tahajia. Wajerumani waliandika wanavyosikia: Usaramo ni Uzaramo, Ssongea ni Songea, Udjidji ni Ujiji. L na R zinabadilishana, herufi ya kwanza inadondoka. Kila jina liandike kwa namna zote unazoweza kuzifikiria, hiyo orodha utatembea nayo mpaka mwisho wa kazi.

Na mipaka ya utawala nayo ilihama. Kibiti zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Rufiji. Lindi ilikuwa mkoa mmoja na Mtwara mpaka 1971, na kabla ya hapo vyote Jimbo la Kusini. Ukitafuta faili kwa jina la wilaya ya leo unaweza usipate kitu ukadhani hakuna.

Hatua ya 3: wazee, na uwahi

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo usifanye haraka. Piga hesabu: aliyekuwa na kaya yake na miaka 30 mwaka 1974 alizaliwa 1944, ameshavuka 80. Aliyekuwa mtoto wa miaka tisa leo kagonga sitini. Faili litakusubiri miaka mingine ishirini, mzee hakusubiri, kwa hiyo kama una nauli ya safari moja tu mwaka huu, nenda kwa mzee.

Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, jitambulishe, eleza unachotafuta. Nenda na mtu anayejulikana pale, beba sukari na majani ya chai. Ukifika unaamkia shikamoo, unakaa, unaulizwa wewe wa nani, unataja ukoo wako mpaka mzee akupatie pa kukuweka. "Aaa kumbe mjukuu wa yule!" Ukishapata hiyo, mlango umefunguka.

Na jua kitu kimoja, watu watahisi umekuja kudai ardhi. Wana haki ya kuhisi hivo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imehalalisha ugawaji uliofanyika kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kabla yake kulikuwa na kesi nyingi za watu kudai maeneo yao ya zamani mpaka Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi mkubwa 1994. Kwa hiyo kuna familia ilipewa shamba ambalo familia nyingine inaliita la babu, na wote wanakaa kijiji kimoja. Sema mapema, na urudie, kwamba unaandika historia, huandiki madai. Na usiandike mipaka ya mashamba ya watu kwa majina, hiyo iache kabisa.

Sasa namna ya kuuliza. Usianze na "mwaka gani". Mzee anahesabu kwa matukio, kwa hiyo tengeneza orodha ya matukio ya eneo lako ndo iwe kalenda yako. Ugogo kuna njaa ya Mtunya, mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia. Iringa wanajua mwaka aliouawa Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa, ilikuwa Krismasi ya 1971 kule Isimani. Kote nchini kuna uhuru 1961, machifu kuondolewa 1963, vita ya Kagera 1978. Unauliza: "Babu, mlihama kabla au baada ya...?" Jando na unyago navyo vinasaidia sana, walioingia pamoja wanajuana, ukimpatia tarehe mmoja umewapatia wote.

Uliza nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja niliyekaa nae upande wa Ikwiriri, kila nikimuuliza kwao kulikuwa na nyumba ngapi anajibu "nyingi tu mwanangu". Nikamwomba anichoree. Akachomoa chelewa kwenye ufagio, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akachora mto, akachora njia ya kushuka kuchota maji, afu akaanza kutoboa vitundu, kila kitundu nyumba, na kila nyumba anamtaja mwenyewe, mkewe katoka wapi, watoto wangapi, nani alikuwa fundi wa mitumbwi, nani mkunga. Akafika sehemu akanyamaza akasema hapa palikuwa na dungu la kaka yake, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, maji yakija unakaa hukohuko juu. Mchanga ukajaa vitundu. Piga picha mchoro kama ule kabla kuku hawajapita, na urekodi sauti wakati anachora, maana kwenye sauti ndo kuna majina.

Wanawake na wanaume waulize mbalimbali. Wanaume watakwambia jumbe, kodi, mipaka, nani aligombana na nani. Wanawake wanajua visima, mizizi ya kula wakati wa njaa, nani alizalia wapi, bibi harusi alitoka kijiji gani, na kupitia hizo ndoa unapata mtandao mzima wa vijiji vilivyozunguka, navyo pengine ni mahame sasa. Ukimhoji bibi mbele ya mumewe atasema "muulize baba huyu", basi umempoteza.

Ile siku ya kuhama iulizie taratibu. Nani alikuja kuwatangazia, walipewa siku ngapi, walibebwa na lori au walitembea, mazao yalikuwa shambani au yameshavunwa, nini kiliachwa, nani alikataa, nani alitoroka akarudi. Sehemu nyingi nyumba zilichomwa au kubomolewa ili watu wasirudi. Wapo watakaosema walihama kwa moyo wakafurahia shule na zahanati, wapo ambao mpaka leo wana donge. Andika wote kama walivyosema. Mzee akianza kulia, zima rekoda, kaa nae, maswali kesho.

Ruhusa ya kurekodi omba kabla hujabonyeza, na iombe tena kwenye rekodi yenyewe ili isikike. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, lakini hata bila sheria ni adabu tu. Kila rekodi ipe jina siku hiyohiyo: tarehe, mahali, nani. Picha na sauti zikitumwa kwa WhatsApp tuma kama dokumenti zisipunguzwe ubora, na nakala moja weka nje ya simu yako, simu zinaibiwa.

Hatua ya 4: masanduku ya bati

Ukimaliza maongezi uliza kwa upole kama kuna karatasi zozote za zamani. Watu hawajui kama zina thamani. Kadi ya TANU iliyoandikwa tawi. Risiti ya kodi ya wakati wa mkoloni. Cheti cha shule. Barua, nyingine kwa pwani huku zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tafuta mwalimu wa madrasa akusomee. Hivo vijikaratasi ndo vinavyothibitisha kuwa mwaka fulani jina la mahali lilikuwa linatumika rasmi. Piga picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, palepale, karatasi ibaki kwa mwenyewe. Usiazime hata ukipewa.

Hatua ya 5: kanisa, msikiti, shule, ushirika

Parokia za zamani zina vitabu vya ubatizo na ndoa ambavyo vinaandika tarehe, jina, wazazi na mahali wanapotoka, vya zamani zaidi viko kwa Kilatini ila sio vigumu, ni maneno yaleyale yanajirudia. Mwombe paroko, onyesha barua ya kijiji. Ukishakaa na kitabu, hesabu jina la kijiji chako linatokea mara ngapi kila mwaka, utaona wazi linavyopungua na mwaka linapokatika. Na wageni wakianza kutokea kwenye kitabu cha parokia ya pili, umewapata walikohamia.

Kwa Waislamu ulizia makadhi, mashehe wa twarika, na familia zilizokuwa zinasomesha chuo cha Kurani, wanakumbuka wanafunzi walitoka wapi. Shule ya msingi angalia daftari la uandikishaji kama mchwa hawajalila. Vyama vya msingi vya ushirika vya kabla ya 1976, mwaka ambao serikali ilivunja vyama vikuu, vilikuwa na orodha za wakulima wa pamba, korosho, tumbaku, ila makaratasi yake yamesambaa hovyo, usitegemee sana.

Hatua ya 6: Nyaraka za Taifa

Ziko Upanga, Dar es Salaam, mtaa wa Vijibweni. Zanzibar wana zao Kilimani, na ndugu zetu wa Kenya wanaenda jengo la Kumbukumbu pale Moi Avenue, Nairobi. Kabla hujapanda basi piga simu uulize masharti ya kibali, mwanafunzi aende na barua ya chuo, mgeni kutoka nje anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa kawaida nyaraka za serikali zinafunguliwa zikifikisha miaka 30, kwa hiyo za operesheni kwa umri zimeshafika.

Anza na vitabu vya wilaya, District Books, ambavyo maofisa wa Kiingereza walikuwa wanaandika: koo, majumbe, mipaka, njaa, barabara, hadithi za asili. Ni dhahabu, ila kumbuka ofisa alikuwa anaandika alichoambiwa na mkubwa wa hapo, sio alichoambiwa na bibi yako. Wale wa upande usio na madaraka hawamo au wamo kwa mstari mmoja. Baada ya hapo mafaili ya wilaya na jimbo, tafuta kwa mada sio kwa jina la kijiji tu: malale, tembo, mafuriko, kodi, barabara, njaa. Kijiji chako kinaweza kuwa kimejificha kwenye lalamiko kuhusu tembo waliokula mahindi.

Sensa nazo. Ya 1967 ilifanyika kabla ya kuhama kwingi na takwimu zake zilichapishwa mpaka ngazi ya maeneo madogo ya kuhesabia, ya 1978 ni baada ya kuhama. Ukiziweka pembeni kwa pembeni unaona sehemu gani imekauka na wapi wamejazana. Zitafute ofisi ya takwimu au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ukiwa pale omba kuona gazeti la Mambo Leo, lilianza 1923, limejaa habari na barua za watu wa wilayani ambao huwezi kuwasikia kwingine.

Hatua ya 7: ramani na picha za juu

Za Wajerumani ni zile za Sprigade na Moisel, kipimo 1:300,000, zinapatikana intaneti kwenye maktaba za nje. Zina majina mengi ya vijiji na majumbe kuliko unavyotegemea. Za baadae ni za 1:50,000, unazipata Idara ya Upimaji na Ramani, na hizi zilichorwa kutokana na picha za ndege, shiti nyingi zinaonyesha nyumba mojamoja kama vinukta. Angalia pembeni chini ya shiti, kumeandikwa picha zilipigwa mwaka gani, huo ndo mwaka wa kuamini, sio mwaka wa kuchapwa.

Kuna kitu wengi hawakijui: Wamarekani walikuwa na satelaiti za upelelezi, Corona, kati ya 1960 na 1972, na picha zake zilifunguliwa kwa umma 1995. Sehemu nyingi zimepigwa KABLA ya operesheni. Ingia tovuti ya EarthExplorer, ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, fungua akaunti bure, chagua eneo lako, picha zilizokwisha skaniwa unapakua bila kulipa. Ni nyeusi na nyeupe lakini njia, mashamba na maeneo yaliyofyekwa unayaona. Picha za kwanza za satelaiti ya Landsat za 1972 usipoteze bando nazo kwa kazi hii, nyumba haionekani.

Mwisho fungua Google Earth, rudisha miaka nyuma, tafuta miti ya duara mieusi iliyojipanga. Hiyo ni miembe au mikwaju ya watu. Weka alama, chukua namba za GPS.

Hatua ya 8: sasa nenda mahameni

Kama eneo limeingia hifadhi ya taifa ongea na TANAPA, pori la akiba TAWA, msitu wa serikali TFS. Usiingie kimyakimya, na tembo hawana mchezo. Nenda kiangazi baada ya majani kuungua, na nenda na mzee mmoja anayeweza kutembea, au kijana anayeelekezwa kwa simu na mzee.

Tafuta miembe, minazi, mikorosho, mibuyu yenye vigingi vya kupandia, uzio wa minyaa au katani, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, mafiga, udongo mweusi wa zizi la zamani ambapo majani yanaota tofauti. Mikorosho isimamie sana, watu waliichukia kweli kuiacha, nchi ilivuna takriban tani 145,000 mwaka 1973 na kuelekea mwisho wa miaka ya 80 ikashuka chini ya tani 20,000, na kuhamishwa wakulima mbali na miti yao ni mojawapo ya sababu. Ndo maana mahame mengine unakuta bado kuna mtu anakuja kuvuna kila msimu. Muulize huyo, anajua kila shina lilikuwa la nani.

Usichimbe na usibebe kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai leseni kwa uchimbaji, na kigae kikishatoka mahali pake hakisemi tena kitu. Piga picha, weka kalamu pembeni ionyeshe ukubwa, andika GPS. Makaburini ingia na wenye makaburi, kwa dua au sala yao, na kama wanataka pasipigwe picha basi.

Hatua ya 9: linganisha, andika, rudisha

Kila jambo liandikie limetoka wapi: kaona mwenyewe, kasimuliwa, karatasi, ramani. Wazee wawili wakipishana andika wote wawili, usichague unayempenda. Cha kwanza kuandika kiwe orodha ya kaya, nyumba kwa nyumba na walikohamia, hata kama hutaandika kitu kingine hiyo inatosha kuwa kazi ya maana. Baada ya hapo ramani ya kuchora kwa mkono, kisha masimulizi, yawe kwa maneno yao.

Chapa nakala hata kwa stesheneri ya kawaida, moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja msikitini au kanisani, moja kwa kila ukoo, na PDF kwenye magrupu ya familia. Nyuma acha kurasa tupu na namba yako. Kwenye arobaini au harusi watu wakikusanyika omba nafasi usome ile orodha ya nyumba, hapohapo watu watakurukia, "hapana, huyo alikaa ng'ambo ya mto", "umemsahau mama fulani". Kuwa na kalamu nyekundu, rekebisha, badilisha tarehe ya toleo, sambaza upya.